Nakala Ilipogeuka Asili: Historia ya Magitaa Makavu ya Japani

Mwaka 1966 kampuni ya Nippon Gakki ya mjini Hamamatsu, ambayo ulimwengu unaijua zaidi kwa jina la Yamaha, ilitoa gitaa liitwalo FG-180. Herufi zake mbili zilikuwa kifupi cha "gitaa la foku", na tarakimu zake zilitokana na bei, yen 18,000. Hapakuwa na mbwembwe yoyote katika jina hilo. Uso wa gitaa haukuchongwa kwa ubao mmoja. Ulikuwa tabaka nyembamba zilizobandikwa kwa gundi. Umbo lake lilifuata desturi iliyokwisha kujengwa na mafundi wa Marekani. Kwa vigezo vya wajuzi, kilikuwa chombo cha mwanafunzi. Leo, takriban miaka 60 baadaye, wapo wapigaji hodari wanaolitafuta gitaa hilohilo, lenye karatasi nyekundu ndani ya tundu lake la sauti, na wanalipenda kuliko magitaa mapya ya bei kubwa zaidi.

Kivutio hiki hakielezeki kwa mbao pekee, wala kwa bei. Katika makala haya nitajenga hoja kwamba magitaa makavu ya Kijapani, yaani yale yasiyotegemea umeme, yaliyoundwa kati ya miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1980, yanavutia kwa sababu yanabeba alama za kazi ndefu ya kuiga, kazi iliyoendelea mpaka mwigaji akapata sauti yake. Nasi tunaoshughulika na ushairi wa Kiswahili tuna sababu ya kulitega sikio jambo hili. Tangu mjadala wa wanamapokeo na wanamageuzi ulipopamba moto katika miaka ya 1970, neno "kuiga" limekuwa likirushwa baina yetu kama tusi. Historia ya magitaa haya inatutaka tuulize upya: kuiga kupi, na kwa masharti gani?

Umbo bila mizani

Kisa chenyewe kinaanzia mbali na gitaa. Mwaka 1887 fundi wa vifaa vya hospitali aitwaye Torakusu Yamaha aliitwa katika shule ya msingi ya Hamamatsu kutengeneza kinanda kilichoharibika. Kilikuwa kinanda cha kigeni, cha kusukumwa upepo kwa miguu. Yamaha alikifungua, akakichunguza kiungo kwa kiungo, kisha yeye na mwenzake wakaunda kingine mfano wa kile. Wakakining'iniza kwenye mti, wakauweka mabegani, wakapanda na kushuka milima ya Hakone mpaka Tokyo, mwendo wa takriban kilomita 250, ili wataalamu wa taasisi ya muziki wakikague. Hukumu ilikuwa fupi: umbo linafaa, sauti hazilingani. Kwa istilahi zetu tungesema kwamba beti zilikuwapo, mishororo ilikuwapo, lakini mizani ilikuwa imevunjika.

Yamaha hakuona haya wala hakukata tamaa. Alikaa Tokyo karibu mwezi mzima akihudhuria masomo ya ulinganishaji wa sauti, ndipo akarudi Hamamatsu kuunda kinanda cha pili, nacho kikakubaliwa. Nippon Gakki ilianzishwa mwaka 1897. Ninalieleza tukio hili kwa sababu linatenganisha kuiga kwa macho na kuiga kwa sikio. La kwanza hupatikana kwa siku chache. La pili linamtaka mtu akae chini afundishwe.

Katika miaka hiyohiyo, mjini Nagoya, Masakichi Suzuki alikuwa akiishi kwa kuunda shamisen, chombo cha nyuzi tatu cha jadi ya Kijapani, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alipoiona fidla ya mtu aliiazima, akaipima, akaunda yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, fidla za Kijerumani zilipokosekana sokoni, karakana yake ilikuwa imekua kiwanda cha wafanyakazi wapatao 1,000. Kutoka katika mazingira hayo ya Nagoya, yenye maseremala waliozoea kupinda mbao nyembamba kwa joto na kuzibana kwa gundi, ndipo ufundi wa mandolini na magitaa ulipochipuka.

Msikilizaji wa taarabu ya Mombasa anaijua Nagoya kwa sikio hata kama hajapata kulisikia jina lake. Mwaka 1912 Goro Morita wa mji huo alibuni chombo cha nyuzi chenye vitufe vilivyotokana na wazo la taipureta, akakiita taishogoto, kwa kuwa ndio mwaka ilipoanza enzi ya mfalme Taisho. Chombo hicho kilisafiri hadi Bara Hindi, kikavuka bahari mpaka kwetu, na katika mwambao wa Kenya kikaitwa taishokoto. Zuhura Swaleh na kundi lake walikifanya kuwa uti wa mgongo wa muziki wao. Hakuna aliyewadai wapigaji wa Mombasa hati ya kumiliki. Kilikuwa chao tangu kilipoanza kufuata mahadhi yao.

Kama mtoto anavyojifunza kusema

Masakichi Suzuki alikuwa na mwana, Shinichi (1898–1998), ambaye baada ya Vita vya Pili vya Dunia alihamia Matsumoto, mji ulio bondeni katika mkoa wa Nagano, akafungua shule ya fidla. Mafunzo yake yalisimama juu ya jambo ambalo kila mpenda lugha amewahi kulitafakari. Aliona kwamba watoto wote wa Japani husema Kijapani kwa ufasaha bila kufundishwa sarufi. Husikia, hurudia, husahihishwa kwa upole, hurudia tena. Akauliza kwa nini muziki usifundishwe hivyohivyo. Njia yake, ambayo aliifananisha na kujifunza lugha ya mama, leo inatumika duniani kote, na msingi wake ni kuiga kusikokuwa na aibu.

Ikawa mji huohuo wa Matsumoto ndio uliokuwa kitovu kimoja kikubwa cha uundaji wa magitaa. Fujigen Gakki ilianzishwa hapo mwaka 1960. Matsumoku, kampuni ya useremala iliyokuwa ikitengeneza makabati ya cherehani za Singer, iligeukia magitaa na baadaye ikaunda kwa niaba ya majina mengi ya kigeni. Sidai kwamba shule ya fidla ndiyo iliyozaa viwanda hivyo. Nasema tu kwamba pale palikuwa na watu wasioona kurudia kazi ya mwingine kuwa ni udhalili.

Eneo lile lina desturi ya mbao iliyo kongwe kuliko viwanda vyote. Kusini-magharibi ya Matsumoto kuna bonde la Kiso, ambalo misitu yake ililindwa na watawala wa Owari kwa ukali uliobaki katika msemo: mti mmoja, kichwa kimoja. Aliyekata mti uliokatazwa aliweza kulipa kwa shingo yake. Mbao za Kiso ndizo zinazotumika kujengea hekalu la Ise, nalo lina kawaida ya ajabu: kila baada ya miaka 20 hujengwa jipya kando ya lile la zamani, kipimo kwa kipimo, kisha la zamani hubomolewa. Mwaka 2013 lilijengwa kwa mara ya 62. Je, hekalu hilo ni la kale au ni jipya? Mbao zake ni changa, lakini mikato, viungo na vipimo ni vya karne nyingi, na vimehifadhiwa na mikono ya wanafunzi waliorudia kazi ya walimu wao wangali hai. Utenzi wa mizani minane nao umedumu hivyo. Hakuna aliyeufungia kabatini. Kila kizazi kimeujenga upya kwa maneno mapya.

Agosti 1969

Mafundi walikuwapo, kilichosubiriwa ni wimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sahani za muziki wa foku wa Marekani zilienea katika vyuo vikuu vya Japani, na vijana wakaanza kuimba kwa Kiingereza, kisha kwa Kijapani. Lugha yao tayari ilikuwa na neno la kazi hiyo, *hikigatari*: "hiku" ni kupiga nyuzi, "kataru" ni kusimulia. Neno hilo linabeba kumbukumbu ya watawa vipofu waliozunguka na chombo kiitwacho biwa wakisimulia vita vya ukoo wa Heike. Kwa hiyo kijana aliyeketi na gitaa la Yamaha akiimba maneno yake mwenyewe alikuwa anaiga Marekani kwa mkono mmoja na kurithi wahenga wake kwa mkono wa pili.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1969 vijana walikusanyika mara kwa mara katika uwanja wa chini ya ardhi, upande wa magharibi wa stesheni ya Shinjuku mjini Tokyo, wakiimba na magitaa yao kupinga vita vya Vietnam. Umati ulifika maelfu. Polisi waliwatawanya, na mwezi Julai wakuu wakabadilisha vibao: mahali palipoandikwa "uwanja" paliandikwa "njia". Penye uwanja mtu anaweza kusimama. Penye njia ni sharti apite. Sijui kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi wa serikali kuliogopa neno moja. Magitaa yaliyotumika pale yalikuwa ya bei ambayo mwanafunzi anaimudu, na mengi yalikuwa yameundwa nchini humohumo.

Mwezi Agosti mwaka huo tamasha la kwanza la foku la Japani nzima lilifanyika kando ya ziwa dogo huko Sakashita, katika mkoa wa Gifu. Mji huohuo mdogo ndimo ilimokuwa karakana ya Takamine, iliyoanzishwa mwaka 1959 na baadaye kupewa jina la mlima ulio jirani. Siku chache tu baada ya tamasha hilo, upande wa pili wa dunia, Country Joe McDonald alipanda jukwaani peke yake huko Woodstock, akiwa na gitaa la kuazima lililofungwa kamba badala ya mkanda. Lilikuwa Yamaha FG-150, dogo wa FG-180. Mbele ya mojawapo ya hadhara kubwa kabisa katika historia ya muziki wa Marekani, wimbo wa Kimarekani wa kupinga vita uliimbwa kwa gitaa la Kijapani. Nakala ilikuwa imekwisha kurudi nyumbani kwa asili yake.

Karatasi iliyo ndani ya tundu

Asili hiyo yenyewe tuitazame vizuri. Gitaa lililoigwa zaidi na Wajapani ni lile la kampuni ya Martin ya mji wa Nazareth, Pennsylvania, hususan umbo pana liitwalo Dreadnought, jina lililotokana na manowari ya Kiingereza ya mwaka 1906. Mwanzilishi wake, C. F. Martin, alikuwa Mjerumani kutoka mji wa mafundi wa fidla uitwao Markneukirchen. Alijifunza kazi Vienna kwa Johann Georg Stauffer, na alipohamia Marekani mwaka 1833 magitaa yake ya mwanzo yalifuata mtindo wa mwalimu wake hata katika kichwa chake, chenye vigingi vyote sita upande mmoja. Miaka ilivyopita aliacha mtindo ule, akaendeleza mpangilio wa mbavu za ndani zilizopishana kama herufi X, ambao leo umekuwa kanuni ya gitaa la nyuzi za chuma. Naye, basi, alianza akiwa mwigaji.

Mafundi wa Japani walilifungua gitaa la Martin kama Torakusu Yamaha alivyokifungua kinanda. Kufikia miaka ya 1970, Takamine, K. Yairi, S. Yairi, Morris, Tokai na wengineo walikuwa wakiunda magitaa ya umbo hilo kwa ustadi uliowatia hofu wenye soko. Martin wenyewe mwaka 1970 walianzisha jina la pili, Sigma, kwa magitaa ya bei nafuu yaliyoundwa Japani. Lakini wengine walivuka mpaka. Baadhi ya magitaa ya Takamine ya wakati huo yaliandikwa jina kichwani kwa mwandiko uliofanana mno na ule wa Martin. Aliyesimama hatua chache mbali hakuweza kuyatofautisha. Hapo si ufundi tena ulioigwa. Ni sahihi ya mtu.

Kutokana na hali hiyo kumezuka msemo wa wauzaji, "magitaa ya kesi", unaotumiwa kupandishia bei karibu kila gitaa la Kijapani la miaka ile. Ni vyema tuliweke jambo hili sawa. Kesi inayojulikana ilifunguliwa tarehe 28 Juni 1977, katika mahakama ya Philadelphia, na kampuni ya Norlin, wamiliki wa Gibson, dhidi ya Elger, tawi la Marekani la kampuni ya Hoshino ya Nagoya, wenye jina la Ibanez. Shauri lilihusu umbo la kichwa cha magitaa ya umeme, na lilimalizwa kwa maelewano mapema mwaka 1978. Magitaa makavu hayakuwamo. Anayekuuzia gitaa kavu kwa sifa ya kesi ile anakuuzia hadithi.

Masharti ya Teika

Je, kuna kipimo cha kutenganisha kuiga kwa heshima na kughushi? Washairi wa Japani walikitafuta zamani. Shairi lao la jadi lina mishororo mitano yenye mizani 5, 7, 5, 7 na 7, jumla 31. Sisi tunaohesabu silabi zetu tutakuwa wepesi wa kuelewa. Ndani ya umbo hilo jembamba walikuwa na mbinu iitwayo *honkadori*, ambayo tafsiri yake ya neno kwa neno ni "kuchukua shairi la asili". Mshairi huazima maneno ya shairi la kale na kuyaweka ndani ya lake. Fujiwara no Teika (1162–1241), mmoja wa washairi na wahariri wakuu wa zama zake, aliiwekea mbinu hiyo masharti.

La kwanza, usichukue zaidi ya mishororo miwili na mizani mitatu au minne ya ziada. Ukichukua mitatu umekula shairi la mwenzio. La pili, hamisha maudhui: ikiwa shairi la kale lilihusu mapenzi, lako liwe la majira ya mwaka, na kinyume chake. La tatu, usiguse maneno ya washairi wa miaka 70 au 80 iliyopita. Chukua kwa wa kale, ambao msomaji wako anawafahamu. Masharti haya yote yanategemea jambo moja: chimbuko lazima lionekane. Anayefanya honkadori anataka utambue alikochukua, kwani utamu wa shairi lake uko katika umbali aliousafiri kutoka hapo. Anayeghushi anaomba usitambue.

Tukiwapima mafundi wetu kwa kipimo hiki, hatuwezi kuwaonea haya kwa sababu tu tunawapenda. Aliyelinakili gitaa la Martin pamoja na mwandiko wake alivunja sharti la kwanza, kwani alichukua mishororo yote mitano. Alivunja pia la tatu, kwa kuwa mwenye kazi alikuwa hai na bado anakula kwa kazi hiyo. Sharti la pili ndilo lililowaokoa baadhi yao, kwa kuwa walilihamisha gitaa mahali pengine. Takamine walibadilisha mwandiko wao, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wakabuni chombo cha kunasia sauti kinachokaa chini ya kila uzi, ndani ya daraja, kikaliwezesha gitaa kavu kusikika katika kumbi kubwa bila kupoteza kabisa hulka yake. Bruce Springsteen ni miongoni mwa wale waliolichukua gitaa la Sakashita mpaka kwenye viwanja vya mpira. Yamaha nao walilihamisha kwa njia ya bei, wakaweka mikononi mwa mwanafunzi chombo kilichokuwa cha mwenye mali, na hapo wimbo wenyewe ukabadilika.

Mbao na miaka

Tumfikie sasa mtu anayelipakata gitaa la mwaka 1974 na kusema kwamba linaimba kuliko jipya. Anachokisikia kina sababu kadhaa. Ubao mzima wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari, huendelea kukauka miaka mingi baada ya kuundwa, na wapigaji wengi wanaamini kwamba hulegea na kuitika upesi zaidi kadiri unavyopigwa. Kuna pia mchujo wa wakati: magitaa mabovu ya mwaka ule yalikwisha kupasuka na kutupwa, na lililobaki limebaki kwa kuwa kuna mtu aliyelipenda. Kwa FG-180, ambalo uso wake ni wa tabaka, siri yamkini ni wepesi wa maungo yake na busara ya mafundi waliojua kupata kingi kutoka katika kidogo.

Hatuna budi kutaja kasoro. Shingo za magitaa mengi ya zama zile zimepinda mbele, nyuzi zimeinuka mbali na ubao wa vidole, na gundi iliyotumika kwenye kiungo cha shingo mara nyingi ni ngumu kuachia. Kulirekebisha gitaa la namna hiyo huweza kugharimu zaidi ya bei yake. Mapenzi ya vitu vya kale yana gharama ambayo picha za mauzo hazionyeshi.

Kuhusu mbao pana neno moja linalotuhusu. Magitaa bora ya miaka ya 1970 yalijengwa mgongo na ubavu kwa mbao ya Brazili ambayo Wajapani waliiita *hakaranda*, kwa kuisoma herufi j ya neno jacaranda kwa matamshi ya Kihispania. Msomaji wa Nairobi asidhani ni jakaranda ile inayomwaga maua ya zambarau barabarani. Mti wa Brazili ni wa jamii ya Dalbergia, ndugu wa damu wa mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, na tangu Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iko chini ya uangalizi wa mkataba huohuo, ijapokuwa vyombo vya muziki vilivyokamilika vya miti mingine ya jamii hiyo vililegezewa masharti mwaka 2019. Sehemu ya thamani ya gitaa la hakaranda inatokana na msitu ambao hauwezi tena kukatwa hivyo. Mpenzi wa sauti ile anapaswa kulikumbuka hilo anapoisifu.

Mwisho wa zama

Zama hizi hazikumalizwa na mahakama. Mwaka 1983 Yamaha hiyohiyo ilitoa kinanda cha umeme kiitwacho DX7, na sikio la vijana likahama. Mwaka huohuo moto uliteketeza kiwanda cha Headway cha Matsumoto, kilichokuwa kimejijengea jina kwa magitaa makavu ya hali ya juu. Kisha, tarehe 22 Septemba 1985, mataifa matano tajiri yalikubaliana katika hoteli ya Plaza mjini New York kuishusha thamani ya dola. Dola iliyokuwa ikipata yen 240 hivi ilipata takriban nusu yake kufikia mwishoni mwa mwaka 1987. Gitaa la Kijapani likawa ghali ng'ambo kwa usiku mmoja, na kazi ya bei nafuu ikahamia Korea Kusini. Matsumoku ilifungwa mwaka 1987. Waliosalia, kama K. Yairi wa mji wa Kani, walisalia kwa kuunda machache kwa mkono na kuyauza kwa jina lao wenyewe.

Hapo ndipo duara lilipofungwa. Taifa lililokuwa likisifika kwa nakala za bei rahisi likaanza kutajwa kama asili: wapenzi wakaanza kusaka magitaa ya Japani ya enzi ile kwa hamu ileile ambayo mafundi wa enzi ile walikuwa nayo kwa Martin, na Martin kwa Stauffer.

Washairi chipukizi wa Kiswahili husikia nasaha mbili zinazogongana: mmoja huwaambia wafuate bahari za wakongwe bila kuongeza kitu, mwingine huwaambia wazitupe wapate "sauti yao". Kisa hiki kinaonyesha kwamba kila nasaha imeshika nusu ya safari. Torakusu Yamaha asiyerudi darasani angebaki na kinanda kizuri kisicholingana sauti. Takamine asiyeuacha mwandiko wa watu angebaki kivuli chao. Anayetaka kutunga tarbia aitunge kwanza kama walivyoitunga waliomtangulia, ahesabu mizani mpaka sikio lihesabu lenyewe bila vidole, na aseme wazi amejifunza kwa nani. Kisha alihamishe shairi lipeleke habari mahali ambapo hao waliomfundisha hawakuwahi kufika. Karatasi iliyo ndani ya tundu iandikwe jina lake mwenyewe.